Fanicha Yenye Inahama na Wewe

Cheki mtaa yoyote ya Kanairo mwisho wa mwezi. Pipeline, Roysambu, Kayole, Githurai, stori ni ile ile: mkokoteni umengoja mbele ya ploti na msee anashusha maisha yake yote kwa ngazi kutoka gorofa ya sita. Godoro inashuka poa. Meko inashuka poa. Halafu inakuja kabati ya chipibodi, ile alilipia pole pole mpaka akamaliza, na kona ya kwanza ya ngazi inaimaliza. Skrubu zinang'oka na unga wa mbao, mgongo unapasuka, mlango unabaki kwa mkono. Ikifika keja mpya inaegemeshwa ukuta, na akihama tena inaachwa kwa taka.

Mimi msimamo wangu ni huu: kama uko kwa keja ya kukodi, fanicha yako inafaa kufunguka. Unaifungua asubuhi, unaifunga na kamba kama kuni, inabebwa na nduthi, na jioni imesimama kwa keja ingine. Tena isiguse ukuta, juu keretaka hataki kuskia msumari na kila shimo utaacha inakatwa kwa dipoziti. Kuna kitu moja iko kwa kila hadwea ya mtaa na inaweza hiyo kazi yote, hata kama ilitengenezewa kubeba maji. Ni paipu ya PVC.

Sasa ukiingia hadwea useme tu "nataka paipu", utauziwa yenye iko karibu na mlango. Wacha nikuchanue. Kuna ile ya kijivu, nyepesi, ya maji chafu ya sinki na choo. Ukuta wake ni mwembamba, bei iko chini, na ndio utaipata rahisi kwa saizi kubwa, mpaka inchi nne na sita. Kuna ya presha, ile inaleta maji safi kutoka kwa tangi. Hiyo ukuta wake ni mnene, na ndio iko na nguvu ya kubeba nguo. Kuna konduiti, nyeupe na nyembamba, ya kupitisha nyaya za stima. Fundi wa stima huingiza springi ndani yake ndio isikunjike penye anaipinda. Halafu kuna PPR, mara nyingi ya kijani, ya maji moto. Hiyo lenga. PPR si PVC, na viungo vyake vimeachwa vidogo kiasi ndio viyeyushwe na mashine ya moto kabla ya kuunganishwa. Bila hiyo mashine haziingiani, hata ugonge aje.

Kwa mgongo wa paipu kuna mstari wa maandishi: kiwanda, kipenyo kwa milimita, klasi ya presha. Soma hiyo kabla ya kutoa chapaa. 32 ndio mtaa inaita inchi moja, 50 ni inchi moja na nusu, 110 ni inchi nne. Paipu nzima ya presha huwa mita 6, na hadwea mingi zitakukatia nusu ukiomba vizuri. Lakini hata kabla ya hadwea, pitia mjengo wenye uko karibu na base yenu ubonge na fomani. Vipande vya mita moja kushuka chini hubaki kwa kila mjengo, na mara nyingi vinaishia kuchomwa jioni na mifuko ya simiti. Hiyo ya kuchoma nitairudia, juu inaniuma.

Tujenge. Kitu ya kwanza naambianga msee yeyote ajenge ni stendi ya nguo, juu ukiijua hiyo, zingine zinakuja zenyewe. Paipu moja ya presha ya inchi moja inatosha stendi nzima. Piga hesabu na mimi. Sentimita 100 za juu, penye hanga zinaning'inia. Sentimita 100 zingine za chini, za kushikanisha pande mbili. Nguzo mbili za 140, lakini kila nguzo unaikata vipande viwili, 130 na 10. Halafu miguu minne ya 25. Hiyo ni 580, na paipu iko na 600. Viungo ni elbo mbili, tii nne, na kofia nne za kuziba miguu.

Mbona nguzo ikatwe pale chini? Hapa ndio wengi hukwama. Kwa akili yako unataka kiungo kimoja kwa kona ya chini, penye mguu wa mbele, mguu wa nyuma, nguzo na bomba ya kati zote zinakutana. Hadwea ya mtaa haina hiyo kitu. Maji ikipita kwa nyumba inataka kugeuka ama kugawanyika, basi, kwa hivyo rafu zimejaa elbo na tii. Suluhisho ni tii mbili kila upande. Ya kwanza inalala: inashika miguu miwili na kutoa kile kipande cha 10 kwenda juu. Ya pili inakaa juu ya hiyo 10: inapokea nguzo ya 130 na kutoa mkono wa kuingia kati. Ukishaelewa hizo tii mbili, meza ya laptop unaijua, fremu ya neti unaijua, stendi ya taa ya kushutia video unaijua.

Kukata ni hakso, na bleti yake ikuwe ya meno madogo. Chukua karatasi yenye imenyooka, izungushe kwa paipu mpaka kingo zikutane sawa sawa, upitishe kalamu kando yake. Hiyo laini haiwezi kwenda upogo. Kata ukizungusha paipu kidogo kidogo, usitoboe upande mmoja ukalazimisha mpaka chini. Unga mweupe utakushikilia mikono na suruali, juu plastiki ikisuguliwa inapata umeme wake. Vaa maski, na kama una korido ama balkoni, kata ukiwa huko. Ukimaliza, parura ukingo wa ndani na wa nje na kisu, halafu upitishe msasa. Msee anaruka hii hatua, halafu analaumu elbo venye paipu imekwama katikati.

Na hata ikiwa safi, bila gundi paipu haiingii kwa kiungo mpaka mwisho. Shimo ya elbo inapungua ikienda ndani. Igonge na kipande cha mbao mpaka ikatae, halafu pima nguzo zote mbili tena kutoka sakafuni. Moja ikiwa imezama zaidi ya ingine, hata milimita chache, stendi itacheza kila ukivuta koti.

Sasa fundi wa maji akikupata hapo atakuuliza mbona hujapaka gundi ya Tangit. Elewa venye hiyo kitu inafanya kazi. Haishikanishi tu kwa juu: inalainisha plastiki mbili zikuwe moja, na baada ya muda mfupi hakuna mkono utazitenganisha, ni msumeno tu. Kwa maji ya presha, hiyo ndio unataka kabisa. Kwa fanicha ya msee wa kuhama, umejifungia kitu ya mita moja na nusu yenye haipiti kona ya ngazi. Mimi sipaki. Nikishapanga stendi yote na imesimama wima, natoboa tundu moja ndogo kwa kila kiungo na napitisha skrubu fupi moja. Halafu naandika namba kwa penseli, kwa kiungo na kwa paipu yake, moja na moja, mbili na mbili. Siku ya kutoka unahitaji bisibisi na kamba.

Kuna kitu ingine watu hawaambiwangi. PVC ikibebeshwa mzigo inalegea pole pole, na ikikaa hivyo muda mrefu hairudi. Bomba ya juu ya mita moja ukiijaza majaketi na jinzi itapinda katikati. Kabla ya kufunga elbo za juu, ingiza mti wa fagio ndani yake. Unaingia fiti, hauonekani, na ndio unabeba nguo. Kama luku yako ni mingi na unataka stendi pana, weka nguzo ya tatu katikati.

Rangi nayo inataka heshima. PVC inakataa rangi kama haijasuguliwa. Futa maandishi na thina kwa kitambaa, sugua na msasa laini mpaka ule mng'aro uishe, pangusa vumbi, ndio upulize. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nzito. Rangi nyeusi isiyong'aa inafanya stendi ikae chuma kabisa. Iache usiku mzima kabla uguse. Na ile yenye itakaa nje kwa jua, kama ya balkoni, lazima ipakwe, juu jua la miaka linafanya hii plastiki ikuwe ngumu na ipasuke ukiigonga kidogo.

Tuingie kwa raba. Picha za viatu vimepangwa ndani ya mapaipu zimezunguka sana, na watu wengi wanakimbilia inchi nne juu ndio ya bei rahisi. Pima raba yako kwanza. Ndani ya 110 kuna nafasi ya sentimita kumi hivi. Kiatu cha mtoto kinaingia, sendo zinaingia, raba ya msee anavaa 43 inakwaruzwa kila siku mpaka inachubuka. Kwa njumu kubwa tafuta ile ya inchi sita, 160 kwa milimita. Mita 6 yake ukiikata vipande vya sentimita 30 unapata karibu vipande 20. Vipange kwa mstari, mstari wa pili ukae kwa mabonde ya ule wa kwanza, si juu kwa juu. Hivyo kila kipande cha katikati kinashikwa na wenzake sita na haziteleziki. Zifunge na zile tai za plastiki za kufunga nyaya, mbele na nyuma. Ukihama, unakata tai, na keja mpya unapanga umbo ingine kulingana na ukuta wenye umepata.

Kuhusu mboga, naongea na roho yangu yote, juu nimeona mabalkoni ya mtaa yakigeuka kijani na naamini kila ploti inaweza. Paipu ya inchi nne ya mita moja na nusu, imesimama, inameza lita 12 hivi za mchanga. Ukimwagilia inakuwa mzigo mzito, kwa hivyo ifunge kwa grili na waya juu na chini kabla hujaijaza. Kila sentimita 20 kata mstari wa kulala, upana wa vidole sita hivi, kwa kupishana pande. Mimina maji ya kuchemka kwa hiyo mstari ukiwa umevaa glavu nene, plastiki ikilegea sukuma shingo ya chupa ndani mpaka kitokee kikombe, halafu mwagia maji baridi kibaki hivyo. Kama ukuta wa paipu ni mnene, rudia maji moto mara kadhaa. Katikati ya paipu simamisha bomba ya nusu inchi yenye umetoboa matundu madogo, uzibe chini. Maji utaimwaga huko, ndio ifike mpaka mimea ya chini, si ya juu tu.

Na usipande sukuma. Najua sukuma ndio kila kitu, lakini mizizi yake inataka nafasi na mmea wake ukikua unavunja hiyo kikombe. Panda dania, kitunguu cha majani, saladi, spinachi ukivuna ingali ndogo. Dania ya balkoni inakuokolea ile mbao ya kila siku kwa mama mboga, na iko freshi. Kitu ya chakula, tumia paipu mpya ya maji safi yenye ina alama ya KEBS. Paipu yenye ilitolewa kwa choo cha zamani usiipandie kitu ya kuingia mdomoni, hata uioshe aje. Na kuna PVC zilitengenezwa zamani na madini ya risasi ndani yake ndio zivumilie joto, kwa hivyo ile kuukuu hujui imetoka wapi iachie stendi za viatu.

Kupinda paipu ni sanaa yake. Ukijaribu bila kitu ndani, inakunjika. Kaanga mchanga mkavu kwa sufuria kuukuu, ziba upande mmoja wa paipu, jaza mchanga moto, ngoja kidogo. PVC inalainika kwa nyuzi kama 80, na mchanga unaishika isijikunje ukiipinda. Ukishapata umbo, izungushie kitambaa chenye maji baridi. Fanya hii kazi nje, na usiguse paipu na moto wenyewe. Ikianza kuwa ya hudhurungi na kutoa harufu kali, umeshaichoma na unaipumua.

Kuna mzee mmoja Mholanzi, Theo Jansen, alizaliwa 1948. Tangu 1990 anajenga wanyama wakubwa wa ajabu wenye hutembea kwa ufuo wa bahari wakisukumwa na upepo peke yake, hakuna mota. Amewaita Strandbeest. Anawajenga na nini? Konduiti ya plastiki ya stima, ile ile iko kwa rafu ya hadwea ya hapo chini. Anaipasha moto, anaipinda, anaiunganisha mpaka miguu inapiga hatua. Na huku kwetu Afrika, Namibia, Wahimba wamekuwa wakikata paipu ya PVC na kuichonga ikuwe bangili za kudunga. Naziweka hizi mbili hapa juu kuna wasee huangalia stendi ya paipu waseme ni kitu ya mtu amekosa doo. Zii. Ni plastiki nyepesi, inakatika na mkono, inapindika kwa joto, na mwenye jicho anaweza kuitoa chochote.

Vitu vidogo navipitia mbio. Kipande cha inchi mbili, urefu wa sentimita 25, ukikata mlango mwembamba juu wa kuingiza simu, mahewa inatoka imeshiba kuliko simu ikiwa mezani, juu sauti inasukumwa kwa midomo miwili badala ya kupotea. Ile sentimita 20 ilibaki kwa paipu ya stendi ya nguo inakuwa nyumba ya miswaki. Mathee shags akiwa na kuku, msimamishie paipu ya inchi nne na elbo chini: anajaza chakula juu, kuku wanadonoa kwa elbo, na hakuna wa kusimama ndani ya chakula. Na kama uko Kisumu, Busia ama Mombasa, tafadhali anza na fremu ya neti kabla ya kitu ingine yoyote. Nguzo nne za robo tatu ya inchi kwa kona za kitanda, mraba juu, na neti inateremka imenyooka bila kamba wala msumari kwa slabu. Neti yenye imelegea na kugusa ngozi, mbu anakupata kupitia tundu zake.

Sasa ile yenye inaniuma. Usichome PVC. Zaidi ya nusu ya uzito wake, kama asilimia 57, ni klorini, ile hutolewa kwa chumvi. Ukiichoma inatoa gesi ya asidi yenye inakwaruza koo na mapafu, na moto wa taka wa pembeni ya barabara unatoa pia dayoksini, sumu inakaa kwa mwili miaka. Watoto wanacheza hapo hapo. Gava ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na mitaro ikapumua, lakini vipande vya mapaipu bado vinaenda kwa moto kila jioni, na watu hufikiri ni moshi tu. Kama kuna mjengo kwenu, ongea na fomani vipande viwekwe gunia, mbogi ikuje kuchukua. Ukikosa kazi navyo leo, vihifadhi, haviozi.

Mengine ni ya usalama na hayana mjadala. Stendi isikae karibu na meko. Usijenge kiti cha mtu mzima na paipu ya kijivu, juu inapasuka bila kukuonya. Na usitumie PVC kuhifadhi hewa ya kompresa, hata kama paipu imeandikwa klasi kubwa ya presha: ikipasuka na hewa ndani, vipande vinaruka na vinakata.

Na kuna mboka hapa. Wauzaji wa mtumba wenye wanapanga nguo chini kwa turubai wanahitaji stendi yenye inabebeka kwa mat jioni. Dem anashutia video za mapishi kwa bedsita anataka fremu ya kuning'iniza kitambaa nyuma yake, mita mbili kwa mbili, ikunjwe iingie chini ya kitanda. Kanisa la mtaa, kikundi cha chama, sherehe ya besdei, wote wanakodi hiyo fremu. Ukipiga bei, hesabu paipu, viungo, bleti, rangi na nauli ya kutoka hadwea, halafu weka siku yako ya kazi juu, juu wengi husahau hiyo siku na wanajikuta wameuza kwa hasara. Anza na stendi moja. Sato asubuhi iweke nje ya kinyozi ya beste yako, ikiwa imejaa majaketi ndio watu waone haipindi, na mtu akisimama kuuliza, ifungue mbele yake mpaka ikuwe mafungu mawili, halafu mpe bisibisi airudishe mwenyewe.